Nyaya za umeme juu ya reli ya mfano yenye handaki: anzia ndani, malizia nje

Anayeamua kuipa reli yake ya mfano nyaya za juu, mkono wake hukimbilia nguzo. Ndizo zinazoonekana na ndizo zinazopendeza. Lakini nguzo si kazi ngumu. Kazi ngumu ni handaki. Pantografu, ile fremu ya juu ya kichwa cha treni inayogusa waya, inaufikia mlango ikiwa imeinuliwa na springi yake, inakutana na ukingo, inanasa, na kichwa cha treni kinaacha njia kikiburuta nusu mita ya waya. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na mazoea: tunaanza ndani kabisa ya handaki, tunatoka taratibu hadi mdomoni, ndipo tunasimamisha nguzo za nje.

Vipimo vyote hapa ni vya skeli ya HO, yaani 1:87, ambayo upana wa njia yake ni milimita 16.5. Ndio upana wa SGR, reli mpya ya kisasa ya Tanzania, milimita 1,435, ukiugawanya kwa 87. Mwenye skeli ya N, 1:160, azidishe vipimo vya urefu na umbali kwa 0.54, lakini unene wa nyaya aache ulivyo, maana waya mwembamba zaidi ya hapo haustahimili kuguswa na pantografu kila siku.

Amua kwanza unaiga reli ipi

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ina mahandaki mengi kati ya Mlimba na Makambako, lakini treni zake ni za dizeli. Reli ya zamani ya kati, ile ya upana wa mita moja, nayo haina nyaya. Ukitaka handaki na umeme kwa pamoja kwa sura ya hapa nyumbani, unaiga SGR: volti 25,000 za mkondo geu, hezi 50, na mahandaki yake yako upande wa Kilosa. Kabla ya kukata waya wowote, panda treni kutoka stesheni ya Dar es Salaam, ushuke Pugu au Morogoro, uangalie nyaya ukiwa umesimama jukwaani. Utaona kwamba waya unaoguswa na pantografu haukunyooka juu ya katikati ya njia. Unakwenda kushoto na kulia, nguzo hadi nguzo, ili usichimbe mfereji mahali pamoja kwenye pantografu. Utaona pia mkono wa nguzo umebeba nyaya mbili: wa juu unaobeba uzito na kulegea katikati, na wa chini ulionyooka. Angalia kwa macho tu, ukiwa eneo la abiria. Umeme wa volti 25,000 unaweza kuruka hewani na kumpata mtu kabla hajagusa kitu.

Mfano tutakaoufuata ni ule wa ubao mmoja mzima wa plaiwudi, futi 8 kwa 4, unene milimita 12. Njia moja ya duara refu, kona zenye nusukipenyo cha milimita 500, sehemu mbili zilizonyooka za milimita 1,220 kila moja, na kona moja nzima imefunikwa na mlima. Handaki lina urefu wa karibu mita 1.57, na njia iliyo wazi ni mita 4 hivi.

Vifaa na mahali pa kuvipata

Waya bora kwa kazi hii unapatikana kwa mafundi bodi wa magari: ni waya wa kuchomelea wa mashine za MIG, chuma kilichopakwa shaba. Ni mgumu, hurudi ulipokuwa ukiupinda kidogo, na unashika lehemu vizuri kwa sababu ya ile shaba ya nje. Tafuta wa milimita 0.6 kwa nyaya zenyewe na wa 0.8 kwa mikono ya nguzo. Huuzwa kwa roli la kilo nyingi kwenye maduka ya vifaa vya kuchomelea Kariakoo na Gerezani, wakati wewe unahitaji mita 12 tu za 0.6, ambazo uzito wake haufiki gramu 30. Usinunue roli. Mwombe fundi wa gereji akukatie mita 15 za kila unene.

Waya wa kufungia nondo achana nao. Ni laini, hauwi sawa hata ukiunyoosha siku nzima, na kila kidole kinachougusa kinaacha kona. Waya wa shaba wa kuwaindia mota ni laini vilevile, ila unafaa sana kwa zile nyuzi fupi za wima zinazounganisha waya wa juu na wa chini: chukua wa milimita 0.4, mita 2, na ukwangue vanishi yake kwa wembe kabla ya kulehemu, la sivyo lehemu itateleza.

Kwa nguzo, nunua spoku 20 za baiskeli zenye unene wa milimita 2 pamoja na vinati vyake virefu. Nguzo zinazohitajika ni 18. Mbili ni za akiba. Ongeza washa ndogo za shaba 18, shanga za kioo za milimita 2 zipatazo 110 kwa ajili ya vikombe vya kuzuia umeme, lehemu ya risasi na bati, pesti ya kulehemia, pasi ya wati 40 yenye ncha bapa, tupa ndogo, na multimita. Mabaki ya formaika na plaiwudi ya milimita 6 utayapata kwa mafundi samani wa Keko. Vipande tisa vya milimita 200 kwa 30 vinatosha handaki lote. Chukua na boliti 18 za milimita 3, kila moja na nati mbili.

Kazi ya njia iishe kabla ya waya kupanda

Gundisha kokoto, paka rangi reli, rekebisha kila kiungo kinachorusha behewa. Waya ukishakuwa juu, mkono hauingii tena kwa uhuru, na kitambaa cha kusafishia reli kitanasa kwenye nyuzi kila ukikipitisha. Handaki lazima lifunguke: mlima uwe na kifuniko kinachoinuliwa chote, au tundu nyuma ya ubao lenye upana usiopungua milimita 150, na pasiwe na sehemu ya handaki iliyo mbali na tundu zaidi ya urefu wa mkono wako. Mlima uliogundishwa moja kwa moja utaukata kwa msumeno siku treni ya kwanza itakaponasa.

Pima sasa urefu wa mlango. Kutoka juu ya reli hadi dari panahitajika milimita 66 au zaidi ndani, na milimita 75 mlangoni. Handaki lililojengwa kwa ajili ya vichwa vya dizeli mara nyingi halifiki hapo. Njia rahisi ya kuongeza nafasi ni kushusha reli, si kupandisha mlima: ondoa koki chini ya mataruma ndani ya handaki, utapata milimita 3, lakini uishushe njia kidogo kidogo kwa urefu wa nusu mita kila upande ili kusiwe na kigongo.

Ndani ya handaki: bamba badala ya waya

Hakuna anayeona ndani, kwa hiyo hakuna haja ya nguzo wala nyuzi. Kinachotakiwa ni kitu kimoja tu: pantografu ikutane na uso laini, usiobadilika urefu, kuanzia mlango hadi mlango. Wengine huacha handaki tupu wakidhani pantografu itajinyoosha yenyewe juu na kurudi chini. Kunyooka itanyooka. Kurudi ndiko kugumu, maana ikishapanda juu ya usawa wa waya, wakati wa kutoka inapita juu ya waya badala ya chini yake.

Kata plaiwudi ya milimita 6 vipande vya 200 kwa 30, ubandike formaika upande wa chini kwa gundi ya kubandikia formaika yenyewe. Upana wa milimita 30 una sababu. Kwenye kona ya nusukipenyo cha 500, kipande kilichonyooka cha 200 kinaacha mstari wa njia kwa milimita 10 katikati. Ukikiweka ili kosa ligawanyike, tano nje na tano ndani, bado pantografu ina milimita 10 za bamba kila upande wa katikati yake. Hivyo huhitaji kukata mabamba ya mviringo. Kata ncha zake kwa mshazari wa nyuzi 11 hivi, ndipo zikutane bila pengo.

Urefu wa bamba ni milimita 56 juu ya reli. Hakikisha kwa kichwa chako mwenyewe: kunja pantografu kabisa, pima hadi sehemu ya juu kuliko zote, na bamba liwe juu yake kwa milimita 3 angalau. Usiligundishe bamba darini. Lifunge kwa boliti mbili za milimita 3, nati moja juu na moja chini ya kibao cha kuning'inizia, ili uweze kulipandisha na kulishusha. Vichwa vya boliti vizamishwe kwenye plaiwudi kabla formaika haijabandikwa.

Viungo ndipo penye hila. Kucha yako ikikwama ukiipitisha kwenye kiungo, pantografu nayo itakwama. Piga tupa ukingo wa kila kipande uwe na mteremko mdogo, kisha kaza nati mpaka kucha ipite bila kusikia kitu, kwa kwenda na kwa kurudi. Maliza kwa kupaka nta ya mshumaa kwenye formaika na kuifuta kwa kitambaa.

Kama una pointi za kubadili njia ndani ya handaki, usihangaike na nyaya mbili zinazokutana. Weka bamba moja pana lifunike pointi yote. Hiyo ndiyo faida kubwa ya bamba, na inafaa kupanga njia upya ili pointi ngumu zifichike ndani.

Mdomo wa handaki

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo usiwe na haraka. Waya wa nje lazima ukabidhi pantografu kwa bamba bila pantografu kusikia. Kanuni ni ileile inayotumika pale waya mmoja wa reli halisi unapoishia na mwingine kuanza: kwa umbali fulani vyote viwili vinakwenda sambamba, ndipo kimoja kinainuka na kuondoka.

Chukua kipande cha kwanza cha bamba. Upande wa nje, kwenye milimita 60 za mwisho, punguza plaiwudi kwa chini ili ncha iinuke milimita 4, kisha bandika formaika ifuate mwinuko huo. Kwa mteremko mdogo hivyo inajipinda yenyewe. Halafu kata mfereji wa upana wa milimita 3 katikati ya bamba, kutoka ncha ya nje kuingia ndani milimita 90. Futa kingo zake kwa msasa. Pantografu ni pana kuliko mfereji mara nyingi, kwa hiyo haiwezi kutumbukia.

Waya unaingia mlangoni ukiwa na urefu wa milimita 56, unapita chini ya ncha iliyoinuka, na bamba linashuka polepole kuufikia. Kati ya milimita 60 na 80 kutoka ncha ya bamba, vyote viwili viko sawa. Kuanzia 80 waya unapanda ndani ya mfereji, unatokea juu ya bamba, unazunguka msumari laini au kigurudumu kidogo, na mwisho wake unaning'iniza boliti nzito ya gramu 100. Uzito huo ndio unaouweka waya ukiwa umekazwa. Reli halisi nazo hutumia vyuma vizito vinavyoning'inia kwenye nguzo za mwisho, na kwako vimefichwa mlimani, kwa hiyo si lazima viwe vizuri. Pasipo na nafasi ya uzito kushuka, springi ya kalamu iliyovutwa nusu itasaidia, ila huchoka baada ya muda.

Bamba lianze milimita 40 ndani ya mlango ili lisionekane. Na katikati ya bamba na mlango, weka kibao cha kukingama juu chenye kipini cha kushikilia waya kwenye mstari wa katikati, maana waya ukija na pembe kutoka nguzo ya mwisho unaweza kukosa mfereji.

Kosa la kawaida hapa ni kushusha waya ghafla. Nje waya uko milimita 62, mlangoni 56. Tofauti hiyo ya 6 igawanye kwenye nafasi mbili za mwisho kabla ya mlango, tatu na tatu. Kwa nafasi za milimita 305 ni kama milimita moja kwa kila sentimita kumi. Ukishusha zote kwenye nafasi moja fupi, pantografu inaruka waya pale mteremko unapoanza, na kichwa chepesi kinaweza kuinuka magurudumu ya mbele.

Nguzo

Tengeneza kwanza kipimo cha T kwa plaiwudi: mguu unaokaa juu ya reli zote mbili, bango la juu lenye mstari kwenye milimita 62, alama ya katikati, na alama za milimita 3 kushoto na kulia. Kila waya utapimwa kwa kifaa hiki, si kwa rula inayosimama kwenye ubao, kwa sababu reli ikilalia upande mmoja kwenye kona, kipimo nacho kinalala pamoja nayo.

Kwenye njia iliyonyooka, nguzo zikae milimita 305, nafasi nne kwa kila upande. Kwenye kona, umbali hauchaguliwi kwa macho. Waya hunyooka kati ya nguzo na nguzo wakati njia inapinda, na ukikubali waya utoke milimita 3 nje ya katikati kwenye nguzo na milimita 3 ndani katikati ya nafasi, umbali mkubwa unaoruhusiwa unapatikana hivi: zidisha nusukipenyo kwa 48, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kwa 360 ni milimita 131. Kwa 450 ni 147. Kwa 500 ni 155. Kwa 600 ni 170. Kwa 900 ni 208. Kona yetu ya nje ina urefu wa milimita 1,571, kwa hiyo igawanye nafasi 11 za 143. Jumla ya nafasi za nje ni 19, na ndiyo maana nguzo ni 18, kwani ncha mbili zinashikwa na milango ya handaki.

Nguzo ikae milimita 35 kutoka katikati ya njia, na kwenye kona 40. Kabla ya kutoboa, pitisha behewa lako refu kuliko yote ukiwa umebandika kalamu pembeni yake. Upande wa ndani wa kona tumbo la behewa hutoka sana, na upande wa nje ncha zake.

Toboa tundu la milimita 4. Kwenye spoku, lehemu washa ya shaba milimita 12 kutoka ncha yenye nyuzi za skrubu, yaani sawa na unene wa plaiwudi. Spoku ina mng'ao unaokataa lehemu, kwa hiyo isugue kwa msasa hadi chuma kionekane, ndipo upake pesti. Spoku inaingia kutoka juu, kinati chake kinaingia kutoka chini na washa pana, unakaza kwa bisibisi. Kwa kuwa tundu ni kubwa kuliko spoku, una nafasi ya kuinamisha nguzo kidogo kabla ya kukaza; iinamishe nyuzi moja mbali na njia, waya utaivuta iwe wima. Juu, kata nguzo ibaki milimita 88 kutoka usawa wa reli.

Mkono ni waya wa 0.8 uliopindwa pembetatu: mshazari mmoja, fito moja ya juu, na kidole kinachoshuka hadi 62 kushika waya wa chini. Waya wa juu ukae 77. Ingiza shanga tatu tatu kwenye kila mguu wa pembetatu karibu na nguzo kabla ya kulehemu, zishike kwa tone la gundi, zipake kahawia. Shanga tatu za milimita 2 zinakaribia kabisa urefu wa vikombe halisi vya umeme mkubwa. Tengeneza mikono yote 18 kwenye ubao mmoja wenye misumari ya kuongoza, la sivyo hakuna mikono miwili itakayofanana.

Kuvuta na kulehemu

Waya wa MIG unatoka kwenye roli ukiwa na mzunguko. Banisha ncha moja kwenye jiliwa, nyingine kwenye drili, vuta kidogo, zungusha polepole mara 15 hadi 20. Ukiuachia ulegee na ukabaki umenyooka, umeiva. Vaa miwani, waya ukikatika unarudi kama mjeledi.

Waya wa chini uwe mmoja, mita 4.5, bila kiungo. Uingize kwenye mfereji wa mlango wa kwanza, uupitishe nguzo zote, uuingize mlango wa pili, uning'inize uzito pande zote mbili. Anza kulehemu katikati ya kona ya nje na kwenda kila upande, ili uzito uendelee kuvuta kuelekea handakini. Sehemu zilizonyooka: nguzo moja milimita 3 kushoto, inayofuata 3 kulia. Kwenye kona: zote 3 upande wa nje. Kila kiungo kipimwe kwa T kabla na baada.

Lehemu ikae ubavuni na juu ya waya tu. Tone likining'inia chini, hata la nusu milimita, pantografu italigonga kila mzunguko mpaka mkono upinde. Pitisha kidole chini ya kila kiungo, na usiposikia laini, piga tupa.

Waya wa juu tengeneza nafasi kwa nafasi kwenye ubao wa misumari, pamoja na nyuzi zake za wima. Kwa nafasi ya 305, nyuzi tano kila milimita 50, urefu wake ukiwa 9.4, 6.1, 5, 6.1 na 9.4. Kwa nafasi fupi za kona nyuzi mbili zinatosha. Nyuzi zote kwa jumla ni 62. Kisha beba kipande, kiweke juu ya waya wa chini, na lehemu ncha za nyuzi ubavuni mwa waya. Banisha klipu ya mamba kati ya pasi na kiungo cha jirani, imeze joto, kisije kikaachia.

Sasa osha pesti yote kwa spiriti. Kwa unyevu wa Dar es Salaam, na zaidi kwa walio karibu na bahari, Kigamboni au Kunduchi, mabaki ya pesti huanza kula shaba kisha chuma. Kila ncha uliyokata imebaki chuma kitupu, kwa hiyo iguse kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Waya wote paka kijani kilichofifia, isipokuwa tumbo la waya wa chini. Waya wa 0.6 ni mnene mara nne kuliko inavyopaswa kwa skeli hii, na rangi iliyopoa ndiyo inayouficha machoni.

Umeme upite au usipite?

Kwa kichwa cha kisasa chenye kuchukua umeme kwenye reli, usiupitishe. Waya uwe wa sura na wa kugusa tu. Lakini hakikisha pantografu haijaunganishwa ndani: weka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye pantografu, nyingine kwenye magurudumu ya kila upande. Ikilia, fungua kichwa ukate waya huo au uhamishe swichi yake. Ukiacha, siku utakapoweka vichwa viwili vilivyogeuziana, kimoja kitapeleka umeme wa reli ya kulia kwenye waya, kingine wa reli ya kushoto, na shoti inapatikana juu kwa juu.

Ukitaka umeme wa kweli, volti 12 hadi 16, mabamba ya handaki yawe ya ubao wa saketi wenye shaba chini, yaunganishwe kwa waya laini kila kiungo, na usipake nta. Lisha umeme kila mita 2, kwa sababu chuma si kondakta mzuri kama shaba: waya wa 0.6 una ukinzani unaozidi nusu ohm kwa kila mita, na kichwa kitapoteza mwendo mbali na mlisho.

Kujaribu

Rekebisha kwanza nguvu ya pantografu. Weka kichwa juu ya mizani ndogo, irudishe sifuri, kisha bonyeza pantografu kwa kidole hadi usawa wa waya na usome mizani. Gramu 15 hadi 20 zinatosha. Nyingi hutoka kiwandani zikisukuma kwa nguvu kuliko hapo, na ndizo zinazoinua waya na kutoa kichwa chepesi njiani. Vuta springi taratibu ili ipungue.

Sukuma kichwa kwa mkono, injini ikiwa imezimwa, mzunguko mzima, kisha rudi kinyume. Handakini tia tochi kupitia tundu na uangalie kila kiungo. Baada ya hapo paka sehemu ya juu ya pantografu kwa wino wa ubao mweupe, uendeshe mizunguko kumi polepole, uangalie ulipofutika. Ukiona ukanda wa milimita 6 hadi 7 katikati, waya uko sawa. Mstari mwembamba mmoja maana yake waya haupishani kushoto na kulia. Wino ukifutika hadi ncha ya pembeni, kuna nguzo ya kona iliyo mbali mno, au njia iliyolala. Ongeza nguzo, usivute waya kwa koleo.

Pantografu ikinasa wakati wa kutoka tu na si wakati wa kuingia, tatizo liko kwenye mfereji: waya unashuka baada ya bamba kwisha badala ya kabla. Sogeza msumari wa juu ndani zaidi kwa milimita 10. Ikinasa wakati wa kuingia, ncha ya bamba haijainuka vya kutosha. Treni ikipita vizuri asubuhi na kugonga mchana, waya umeegemea kipini na uzito haushuki. Upake nta pale unapopita.

Masika yakianza, plaiwudi hunyonya unyevu na mabamba ya handaki hushuka au kupinda kabla waya wa nje haujaonyesha dalili yoyote. Pitisha T handakini mara moja kwa mwezi msimu huo, na palipopotea nusu milimita zungusha nati ya boliti mzunguko mmoja. Boliti ya milimita 3 hupanda nusu milimita kila mzunguko.